Mjukuu Aliyedaiwa Hasemi

Nimesoma mpaka darasa la tatu, huko kwetu karibu na Kagongwa, lakini majina hayanipotei. Niliowazaa, niliowalea, niliowapokea kwa mikono yangu siku mkunga alipochelewa, wote ninawakumbuka kwa jina na kwa jino la kwanza. Hapa sitawataja. Wengine sasa wana ndevu, na hawatapenda watu wajue nani alitambaa kwa makalio mpaka kaptula ikatoboka.

Ninayemwandika leo ni mjukuu wangu wa kike, mtoto wa kitinda mimba wangu. Mwanangu yuko machimboni upande wa Masumbwe, nyumbani anakuja mara moja moja. Mkewe anauza vitambaa kwenye duka la familia moja ya Kihindi hapa Geita mjini, Kalangalala. Likizo ya uzazi ilipoisha wakaniita nije kulea. Nikafunga kanga zangu na jembe. Mkwe wangu alicheka aliponipokea.

"Mama, jembe la nini mjini?"

La kumkalishia mtoto. Kwetu, mtoto akifikia umri wa kukaa, unamchimbia kishimo uani, unatandika nguo, unamweka humo kinamshika kiuno. Haangukii mbele wala nyuma, na mgongo unajifunza wenyewe. Siku niliyochimba, jirani yetu mchimbaji alichungulia juu ya ukuta.

"Bibi, umefungua duara?" Duara ndilo jina lao la shimo la dhahabu.

"Nimefungua."

"Leseni unayo?"

"Si hiyo hapo, imekaa ndani, inanyonya kidole."

Alikaa, akatambaa, akasimama dede, akatembea, kila jambo kwa wakati wake. Likabaki la kusema, na hapo ndipo mkwe wangu alipoanza kukosa raha.

Yeye ni mtu wa Morogoro, Kisukuma hakijui. Mimi naye tunaongea Kiswahili, na ananiita mama kama ilivyo desturi. Mchana anapokuwa dukani, mimi na mtoto tunabaki na Kisukuma chetu. Sikupanga hivyo. Mikono ikiwa kwenye unga, mdomo unasema lugha uliyozaliwa nayo.

"Mama, mwenzetu hasemi," aliniambia siku moja. "Neno lake ni moja tu, 'mama', na akilisema anakutazama wewe. Mimi nikirudi jioni ananililia kama paka. Miau, miau, mpaka nimbebe."

Jioni akirudi mimi huwa nyuma ya nyumba nawasha jiko. Nikaona ni maneno ya mtu aliyesimama kutwa nzima, nikamjibu tu, "Atasema." Nilivyojua mimi, mtoto anaanza kusikia, halafu anaelewa, halafu anaonyesha kwa kidole, na maneno yanakuja nyuma ya hayo yote. Huyu kidole alikuwa nacho, tena cha amri.

Miaka miwili ilipotimia, mama mtu alikuwa hali vizuri. Mwenye duka alikuwa amemwambia kwamba wajukuu zake wote waliongea mapema. Tukiwa tunapembua mchele akaniambia bila kuinua macho:

"Kesho kutwa ni kliniki. Wakisema ana tatizo, nitampeleka Morogoro kwa mama yangu. Huko nyumba ina watoto wengi, ataongea. Hapa labda kuna ukimya sana."

Hakusema ukimya ni wangu, ila nilisikia. Nikaendelea kupembua mchele uliokwisha kupembuliwa. Mtoto alikuwa amekaa mguuni kwangu, anakula punje mbichi, nami nikajiuliza nitaishije kwenye uwanja wenye kile kishimo bila yeye.

Kliniki tulikwenda watatu. Nesi alikuwa binti mpole, mgeni wa huku kama mkwe wangu. Alimpima uzito, akamrushia mpira, akamwambia, "Mpe bibi," naye akanipa. Kisha akafungua kadi.

"Anasema maneno mangapi?"

"Moja," alisema mkwe wangu.

"Haunganishi hata mawili?"

"Hapana."

Nesi akaanza kuandika. Joto lilikuwa kali. Mtoto akamvuta mama yake kitenge, akasema, "Mayu, minzi." Mkwe wangu akamgeukia nesi: "Umemsikia? Ndiyo hayo mamiau yake." Mimi nikatoa chupa mfukoni, nikamnywesha.

Wote wawili wakanitazama.

"Bibi," nesi akauliza, "umejuaje ana kiu?"

"Si ameomba? Minzi ni maji."

Kalamu ikasimama. "Kwa hiyo anasema!"

"Hasemi," nilimjibu. "Anaongea Kisukuma tu."

Nesi alicheka mpaka akafunika mdomo. Lakini mimi sikuwa natania. Nilipokuwa shule, ukijibu kwa Kisukuma mwalimu alikuwa anakuuliza, "Wewe mbona husemi?" Likanikaa hilo. Maneno ya mtoto niliyasikia kila siku, nikayaona ni mambo yetu ya jikoni, siyo ya kupelekwa kwa nesi na kuandikwa kwenye kadi.

"Nitajie anayoyajua," akasema, akageuza karatasi.

Nikamtajia. Ngoko, kuku. Mbuli, mbuzi. Bugali, ugali. Wabeja, asante. Nduhu, hapana, na hili ndilo analolipenda kuliko yote. Nesi alikuwa akihesabia vidole, vikamwishia nikiwa bado naendelea. Akatueleza kwamba mtoto wa lugha mbili anahesabiwa zote mbili, turudi baada ya miezi michache amtazame tena, na nyumbani kila mtu aongee naye lugha yake, asiogope.

Mkwe wangu alimfuta mtoto midomo. Kisha akaniuliza polepole, "Na hilo lingine, la kabla ya minzi?"

"Mayu? Mayu ni mama mzazi. Ndiye wewe."

"Na 'mama'?"

"Kwetu mama ni bibi. Tena hata wewe unaniita hivyo hivyo, yeye angejuaje?"

Akahesabu kitu moyoni, nikamwona. "Kumbe kila jioni ananiita."

"Kila jioni."

"Na mimi namwambia, nyamaza, paka wewe."

Ningeweza kumwambia mwaka mzima uliopita, kama siku moja tu ningeacha jiko nikaja mlangoni kusikiliza. Nilimwambia, "Nisamehe, mwanangu," naye akanishika mkono, akaushika mpaka tulipofika nyumbani.

Getini akasimama. "Mama, tangulieni ndani. Mimi nibaki nje kidogo." Nikaingia na mtoto, nikamweka chini. Nje kukawa kimya, halafu tukasikia, "Hodi!"

Mtoto akakimbia na ndala mguu mmoja. "Mayu! Mayu!"

"Abee!" akaitika mama yake, kabla hata hajafungua mlango.

Safari ya Morogoro ilikuja baadaye, wakati wa sikukuu, ya kusalimia tu. Walirudi wote wawili. Mtoto alikuwa na Kiswahili kingi mdomoni, na mama yake akanisalimia kwa Kisukuma, akakosea. Nikamwitikia hivyo hivyo.