Pawasapulai Nzito

Baba yangu alinunua asali maisha yake yote bila kuamini mzani wa mtu yeyote, hata wa kwake. Wafugaji nyuki walileta ndoo kutoka Ulyankulu na vijiji vya porini, wakazipanga barazani kwetu, mtaa wa Ng'ambo, naye akafumba macho na kuinyanyua kila moja kwa mkono wa kushoto. Asali halisi inakataa kunyanyuka, alikuwa anasema. Iliyotiwa maji inakuja yenyewe. Nami nilifundishwa hivyo hivyo, na kufikia darasa la saba nilikuwa na uwezo wa kumpa mtu mzima shikamoo kisha kuikataa ndoo yake. Nilijivunia sana ujuzi huo, na kwa miaka mingi hakuna aliyenipa sababu ya kuacha.

Mwaka juzi madaktari wa Mwanza walimwambia baba kwamba ana uvimbe mbaya kooni, na kwamba sehemu yote inayotoa sauti itaondolewa. Wakampa tarehe. Atapona, walisema, ila hataongea tena. Baba aliipokea habari kama mtu aliyetajiwa bei: akakohoa, akauliza kama wanaweza kupunguza.

Aliyeumia ni mama. Mama haoni. Presha ya macho ilimpofusha miaka kadhaa nyuma, na tangu hapo mume wake kwake ni sauti: sauti inayogombana na chumvi, inayosalimia wapita njia, inayosali kabla ya kula, sala ndefu ya Kimoraviani mpaka ugali unapoa. Baada ya upasuaji angebaki na mume anayeandika kwenye daftari, wakati yeye hawezi kuona hata hilo daftari. Nilimshika mkono nikamwahidi kwamba nitamwekea sauti ya baba, nyingi na safi, aisikilize kila atakapotaka.

Mtu mwingine angechukua simu tu. Kila mtu aliniambia nichukue simu, mpaka muuza mkaa. Lakini mimi kazi yangu ni kurekodi kwaya. Nina chumba mtaa wa Kanyenye chenye magodoro ukutani ya kuzuia mwangwi, na mtu mwenye magodoro ukutani hashauriki. Simu, niliwaeleza, inatoa sauti ya mtu aliyejifunika blanketi. Kompyuta yangu ilikuwa imeungua kwa huu umeme wetu unaopanda na kushuka unavyotaka, kwa hiyo nikaamua kuunda nyingine kwa mikono yangu, kipande kwa kipande. Vipande vyote vikapatikana, ikabaki pawasapulai, kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta. Kwaya nzima ikiimba hakuna anayesikia feni ya pawasapulai. Mzee mmoja akiongea, akanyamaza kutafuta neno, hapo feni ndiyo inayosikika. Nilitaka isiyonguruma, na isiyokufa umeme ukiyumba.

Muuza vipuri alikuwa nazo mbili juu ya kaunta, moja ya kijivu na moja nyeusi yenye maandishi ya dhahabu.

"Dada, chukua nyeusi, utanishukuru," alisema.

"Haina kelele?"

"Kelele kidogo lazima iwepo. Kitu kikiwa kimya, utajuaje kama kinafanya kazi?"

Nilimhurumia kwa swali hilo. Kisha, mbele ya wateja wawili waliokuwa wanasubiri, nikafumba macho, nikazinyanyua kwa mkono wa kushoto, moja baada ya nyingine. Ya kijivu ilikuja yenyewe. Nyeusi ilikataa kunyanyuka. Nikawaza shaba nyingi, nyaya nene, chuma cha kutosha cha kupozea joto. Hapa mtengenezaji hakufanya ubahili. Na si mimi peke yangu ninayepima hivyo, mafundi wengi watakuambia kitu kizuri kina uzito wake. Nikachukua nyeusi.

"Dada, wewe unajua vitu," muuzaji alisema, na mimi nikamwamini kwa hilo pia.

Baba hakuwa na nguvu ya kwenda Kanyenye, kwa hiyo nilifunga kompyuta nyumbani, sebuleni, nikamwekea maiki mbele yake. Nikawasha. Feni ikaanza kunguruma chini ya meza, na jirani yetu anayechomelea mageti alipogusa chuma chake cha kwanza, kompyuta ikajizima, ikajiwasha, ikaendelea kunguruma.

"Mwanangu," baba alisema kwa sauti yake ile nzito, wakati huo bado nzima, "unanirekodi mimi au unasaga mahindi?"

"Endelea tu, baba. Hili ni jaribio."

"Mimi ni wa kujaribiwa na mashine ya kusaga?" Akamwita mama aje asikie jinsi mtoto wake alivyofungua kinu ndani ya nyumba ya watu, na mama naye akaja akamjibu, wakajibizana pale pale hadi chai ikaisha.

Wiki nzima nilirekodi asubuhi na kufuta mchana. Alisali, nikafuta. Alimsimulia mama siku nyuki walipomfukuza na ndoo kichwani, akaigiza mpaka sauti za nyuki, nikafuta. Nilikuwa naangalia kwenye kioo cha kompyuta ule mstari wa mngurumo uliotambaa chini ya maneno yake na kuona takataka, na fundi anayejiheshimu hahifadhi takataka.

Siku ya nane nilichomoa nyaya zote, nikasubiri kidogo, nikaifungua pawasapulai kwa bisibisi nione inanguruma nini. Ndani mlikuwa na nyaya nyembamba na vidubwasha vichache vilivyoachana sana. Upande mmoja, kimegandishwa kwa gundi, kulikuwa na kipande cha saruji. Kimekatwa vizuri, pembe nne, mtu amekilainisha hata kingo zake. Nilikibandua nikampa baba.

Akafumba macho, akakipima kwa mkono wa kushoto.

"Asali halisi," akasema.

Alicheka mpaka akashika kiti. Mama, jikoni, akacheka pia bila kujua kinachochekwa. Kicheko kile sikukirekodi, kompyuta ilikuwa imelala mezani tumbo wazi.

"Na kijiti je?" baba aliniuliza akijifuta machozi. "Mimi nikishanyanyua ndoo nazamisha kijiti mpaka chini, nikitoe nikiangalie. Watu wanaweka hata matope. Wewe kijiti chako kiko wapi?"

Ni kweli. Kijiti nilikiona kila siku utotoni nikadhani ni mbwembwe za mzee. Nilikuwa nimerithi nusu ya kazi, ile nusu inayopendeza mbele ya wateja. Niliona aibu, tena aibu ya kweli, lakini sikujua bado kwamba hasara yenyewe haikuwa ile saruji.

Safari hii nilizamisha kijiti. Nilisoma waliyoyaandika watu waliofungua pawasapulai na kuzipima, nikauliza habari za dhamana, nikauliza feni ina upana gani na inaanza kuzunguka lini, nikauliza umeme ukishuka inavumilia mpaka wapi. Nilimchosha muuzaji mmoja wa Dar es Salaam mpaka akaacha kuniita mteja akaanza kuniita mwalimu. Pawasapulai ikapakiwa kwenye basi. Basi likaharibika njiani, likaharibika tena. Nilipoipokea stendi niliinyanyua kwa mazoea, na ilikuwa nyepesi kuliko ile ya saruji. Mkono wa kushoto ukaikataa, nikauambia unyamaze, leo si zamu yako.

Niliifunga, nikawasha, sikusikia kitu. Nikadhani imekufa. Nikainama nikaweka sikio, na nusura nimpigie yule muuza vipuri nimwombe radhi, kwa sababu kweli sikujua kama inafanya kazi. Jirani akachomelea geti zima. Kompyuta haikutikisika.

Zilikuwa zimebaki siku nne baba asafiri kwenda Mwanza. Lakini koo lake halikuwa limelisubiri lile basi. Sauti ilikuwa imekwaruza, kisha ikapungua, na siku nilipomweka mbele ya maiki kwa mara ya mwisho alikuwa ananong'ona. Tulirekodi hivyo hivyo. Alisali kwa kunong'ona, akamsalimu mama kwa kunong'ona. Ukimya wa mashine ulikuwa wa ajabu: nilisikia ulimi wake ukibanduka kwenye kaakaa, nilisikia shati lake. Nilijivunia, naungama. Baba ananong'ona na mimi najivunia.

Upasuaji ulikwenda salama. Alirudi na kitambaa shingoni na daftari la mistari. Jioni ya pili nilimkalisha mama mbele ya spika, baba kwenye kiti chake pembeni, nikafungua.

Mama alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama upande mmoja.

"Huyu nani?"

"Ni baba."

"Ni mgonjwa," alisema kwa upole. "Mungu amsaidie. Niwekee ile mliyokuwa mnagombania kusaga mahindi."

Nilimwambia naitafuta. Nilifungua mafaili, nikayafunga, nikajua nilichokuwa nakijua tayari: nilikuwa nimezifuta zote, na baada ya kuzifuta nikafuta hata pale zinapokwenda zilizofutwa. Mwisho nikamwambia ukweli.

"Ulikuwa na kazi nyingi, mwanangu," akasema. Kofi lingekuwa nafuu.

Baba akaandika kwenye daftari, akanisogezea. Nikasoma kwa adabu, kama anayesoma barua kanisani: "Baba anasema chai imepoa, na ni wewe uliyeichelewesha."

Mama akatikisa kichwa. "Hajawahi kuniambia hivyo. Sema anavyosema yeye."

"Mama, siwezi kukugombeza."

"Sema."

Nilimtazama baba. Alikuwa ameshika mkono wa kiti, ananisubiri. Mimi nimelelewa, sijawahi kumpandishia mama yangu sauti hata siku moja. Nikavuta pumzi, nikaishusha sauti mpaka kifuani.

"Chai gani hii? Nimekaa hapa tangu jua likiwa kichwani, naletewa maji ya kunawia!"

Mama hakunigeukia mimi. Aligeuza uso mpaka ukaelekea kilipo kiti cha baba.

"Na wewe, chai ilikuja ikiwa moto," alimwambia. "Nani alikushika mdomo?"

Baba alikuwa ameshachukua kalamu.