Kipande cha Mwanasiti

Mwanasiti binti Shaib hakuwa mtu wa kuogopa mkasi. Alikuwa mkata vitambaa katika kiwanda cha nguo mjini Tanga mpaka kiwanda kilipobinafsishwa na wafanyakazi wakaambiwa warudi makwao. Akahamishia kazi barazani kwake Nguvumali, akawa anashona sare za shule, huku mitumba ikimnyang'anya wateja mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1999 aliposhika uvimbe mgumu kwenye titi la kushoto, alimwambia bintiye Asmaa, "Naenda likatwe, yaishe."

Likakatwa. Angali wodini, Daktari Nehemia, kijana wa Lushoto mwenye adabu zake, akaja kitandani pamoja na mtafiti wa Kizungu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Huyu nani?"

Nehemia akaeleza. Mgeni aliomba kipande cha ule uvimbe akakipime kwao. Ipo saratani inayokatwa ikaisha, na ipo inayojificha ikarudi, na kwenye darubini zote mbili huonekana sawasawa. Lakini ndani ya chembe za mwili mna jeni, mfano wa taa za nyumba: nyingine zimewashwa, nyingine zimezimwa. Ukijua zipi zinawaka ndani ya uvimbe, waweza kubashiri kama utarudi.

"Na mimi nitaambiwa?"

Nehemia akatafsiri. Mgeni akaitikia kwa kichwa, akatabasamu.

"Utaambiwa, mama."

"Basi chukueni."

Jeraha likapona, akarudi kwenye cherehani. Kila alipokwenda kliniki aliuliza, na kila mara Nehemia alimjibu, "Bado, mama." Mwisho akaona haya kuuliza, akajiambia kwamba ukimya wao ni heri. Lingekuwepo baya wangesema.

Mwaka wa pili kiuno kikaanza kumuuma. Alidhani ni kuinamia cherehani, akajisugua mafuta ya nazi na karafuu alizoletewa na nduguze wa Pemba, hadi asubuhi moja akashindwa kuinuka. Hospitalini, picha ya eksirei ilionyesha saratani imeingia kwenye mifupa ya mgongo. Mgeni naye alikuwa amerudi Tanga wiki hiyo. Akamwinamia Mwanasiti, akamgeukia Nehemia na kusema kwa Kiingereza, kwa furaha asiyoweza kuificha, kwamba huyu ni mmoja wa wale ambao vipimo vilibashiri saratani yao itarudi. Sasa alitaka kipande cha pili.

Asmaa, aliyekuwa kando ya kitanda, alikuwa amesoma sekondari na Kiingereza alikielewa. Akamwambia mama yake alichosikia.

"Mlijua lini?" Mwanasiti akauliza.

Nehemia akatazama chini. "Mwaka jana, mama. Walituambia ni utafiti tu, bado haujathibitishwa, mgonjwa asipewe majibu. Nami nikaona, dawa zenyewe za kuizuia isirudi hapa hakuna. Nikikwambia nitakukosesha usingizi bure."

"Usingizi ulikuwa wangu, baba. Ningeuza cherehani nikaenda Dar kutafuta hiyo dawa. Pengine ningeikosa. Lakini ningeikosa mwenyewe, kwa miguu yangu."

Akamtazama yule mgeni.

"Cha pili hawapati. Mwambie anirudishie na kile cha kwanza, kizikwe. Ni mwili wangu kile."

Maneno yakatafsiriwa. Mgeni akaona aibu, akajibu kwa sauti ndogo. Nehemia akayasema kwa Kiswahili.

"Hakipo, mama. Kupima jeni ni lazima nyama isagwe. Kimekwisha chote."

Mwanasiti akacheka, kicheko kikavu kilichomkatikia mgongoni. "Asmaa," akasema, "nishike, twende nyumbani."

Hakukanyaga tena hospitali ile. Alipelekwa Pangani kwa dada yake Salme, akafia huko kabla ya Ramadhani, maumivu yamemfanya asitake hata shuka limguse. Nehemia alikuja matangani. Asmaa alimpelekea kikombe cha kahawa kama walivyopewa waombolezaji wengine. Nehemia alipofungua kinywa aseme neno, Asmaa alikuwa ameshampa mgongo.