Jicho la Kushoto

Nakumbuka asubuhi moja ambayo ningependa kuisahau, mwanangu, lakini haikubali kusahaulika. Ukungu ulikuwa umelala juu ya vilima vya Burungu, ng'ombe walisikika bila kuonekana, na mimi nilikuwa nimeshika usukani wa gari kwa mikono iliyolowa jasho ingawa kulikuwa na baridi ya kutetemesha meno. Wewe ulikuwepo. Ulikuwa tumboni mwa mama yako, umekaa vibaya, na muuguzi alikuwa ametuambia kwamba usipofikishwa hospitali ya Goma kabla ya jua kufika kichwani, tutarudi na maiti mmoja au wawili.

Sijawahi kukusimulia habari hii yote. Nakusimulia leo kwa sababu gari lako limefika, na kwa sababu umeniambia kwamba Jumamosi utakwenda Hombo kuwachukua wakwe zako. Tangu uliponiambia hivyo, chai inamwagika kikombeni kabla haijafika mdomoni. Mama yako ananicheka, anasema uzee. Si uzee. Ninaogopa.

Nianze na gari lenyewe, maana usione vyaelea, vimeundwa. Gari hili la familia, ambalo huku Masisi watu hulijua kwa umbo kuliko kwa jina, nimeliona likizaliwa mara nne. La kwanza lilikuwa na pembe nne, tukaliita Sanduku. Vioo vyake vilizungushwa kwa mkono, na kabureta yake uliweza kuifungua kwa bisibisi moja umekaa juu ya jiwe kando ya njia. La pili lilikuja la mviringo, tukaliita Yai. Hilo lilipuliziwa mafuta kwa umeme, na likikataa kuwaka unaweza kuliimbia hata zaburi, haliwaki. La tatu lilinenepa kama mtu aliyepata cheo. La nne ndilo hilo lako, lenye kamera mkiani na sauti ya kupiga kelele ukikaribia ukuta.

Mimi nilikuwa na Yai. Na aliyenifundisha habari zake ni Papa Hangi, fundi mzee wa Sake, mtu mwenye kucha nyeusi na subira nyingi. Aliniambia kwamba Wajapani walipolitengeneza gari hili hawakutengeneza moja. Waamerika walitaka pana, wakatengenezewa pana. Wazungu wa Ulaya walitaka springi ngumu na kipasha joto, na kwa kweli hilo ndilo lingetufaa sisi wa vilimani. Waarabu walitengenezewa rejeta kubwa na ubaridi wa kugandisha maji, kwa ajili ya jangwa lao. Wajapani wenyewe wakajibakizia jembamba, kwa sababu njia zao ni finyu, na usukani wakauweka kuume, kwa sababu wao hupita kushoto mwa barabara. Sisi wa Kivu hakuna aliyekaa mezani akatuchorea la kwetu. Tulichukua lililochokwa na wengine, na mara nyingi ni hilo la Wajapani. Langu hata lilikuwa na sauti ya mwanamke iliyosema Kijapani kila nilipoliwasha, na hadi leo sijui kama alikuwa ananibariki ama ananitukana.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo kifo kinapokaa. Huku kwetu tunapita kuume. Ukiwa na usukani wa kuume, unakaa upande wa mtaro. Mtaro unauona vizuri sana. Ila lori likiwa mbele yako, huoni kinachokuja hadi gari zima liwe limetoka nje, na hapo umechelewa. Papa Hangi alinishika bega siku niliyolichukua.

"Jina ya iyi gari iko moja," alisema, "lakini kila inchi ilizaa yake. Iyi ilizaliwa kwa batu banapitia kushoto. Kwetu huku, muntu anaikala kushoto yako njo jicho yako. Asilale. Asinyamaze. Na asikuogope."

Alimaanisha kwamba gari langu lilizaliwa nchi ya watu wanaopita kushoto, na kwamba huku kwetu anayekaa kushoto kwangu ndiye jicho langu. Nilimwitikia "Ndiyo, Papa" kwa haraka, kama vijana wanavyoitikia. Sikio langu la kuume lilipokea, la kushoto likatoa.

Na kwa kweli nilikuwa na jicho zuri kuliko madereva wote. Lilikuwa mama yako. Riziki alikaa kushoto kwangu tangu tulipooana, shingo imenyooka, na kila tulipofika nyuma ya lori alisema taratibu, "Bado. Bado. Iko pikipiki. Bado. Haya, pita." Hakukosea hata siku moja. Nikaanza kuamini kwamba mimi ndiye dereva hodari.

Ilipokaribia siku ya kujifungua mtoto wa kwanza, yaani wewe, mama yako alirudi Burungu kwa mama yake, kama ilivyo desturi. Siku tatu za uchungu zilipita, ndipo wakaniita. Nilipofika nilimkuta hana nguvu ya kulitaja jina langu. Tulimlaza kiti cha nyuma, muuguzi akapanda pamoja naye akiwa ameinua chupa ya maji ya dawa mkononi. Pakabaki kiti kimoja, cha mbele, cha kushoto.

Mdogo wake mama yako, kijana mwenye macho ya mwewe, alisogea akasema, "Shemeji, nipande miye nikuangalilie njia." Nilimtazama, kisha nikamwona mama mkwe wangu, Mama Riziki, amesimama ukungu ukimlowesha kitenge. Ningewezaje kumwacha mama mkwe kando ya njia nikampa kiti mtoto wake? Mimi ni mtu wa Walikale, nimetoka msituni, nimeoa kwenye familia ya vilimani iliyonipa binti wakati wengine walinisema. Nikafungua mlango wa kushoto, nikainamisha kichwa, nikarudi nyuma hatua tatu ili apande bila kuguswa na kivuli changu.

Wewe mwanangu unajua desturi hiyo, ingawa nyie wa leo mnaichezea. Kwetu mkwe hatazamwi usoni, wala hasemeshwi ana kwa ana. Ukiwa na neno unapitisha kwa mtu mwingine. Mama Riziki naye alikuwa ameishika kuliko mimi. Alipanda, akajifunika kitenge hadi puani, akageuza uso kuelekea kioo cha mlango wake. Nami nikajibana kwenye mlango wangu ili kiwiko changu kisimguse. Hivyo ndivyo tulivyoondoka: nimempa heshima yote niliyokuwa nayo, na sina jicho.

Barabara ilikuwa na utelezi. Kwa muda tulikwenda peke yetu, na nilimshukuru Mungu kwa kila kona iliyokuwa tupu. Kisha, kwenye mpando mmoja mrefu kabla ya kuteremkia Sake, tukalikuta lori. Lilibeba magunia ya makaa hadi juu, na juu ya makaa mbuzi, na juu ya mbuzi watu. Lilipanda kwa mwendo wa bibi kizee, likitutemea moshi mweusi. Nyuma yangu Riziki alilia kidogo, kisha akaacha kulia, na huko kuacha kulia ndiko kulikonitia hofu kubwa zaidi.

Muuguzi akasema, "Papa, mapigo ya mutoto inapunguka. Haiwezekani upite?"

Nilitaka kuuliza njia. Neno lilikuwa ulimini: "Mama, kuna kitu kinakuja?" Maneno manne tu, mwanangu. Ningeweza hata kumwambia muuguzi amuulize. Lakini nilijiambia kwamba mkwe si kondakta, kwamba watu wa Burungu watasema yule wa msituni alimtuma mama mkwe kazi, na kwamba mwanamume mwenye macho mawili haombi la tatu. Nikatoa pua ya gari kushoto. Sikuona kitu ila ukungu na ubavu wa lori. Nikarudi. Nikatoa tena.

Hapo Mama Riziki akakohoa.

Nilisikia kikohozi kile. Nilidhani ni moshi wa lori. Akakohoa mara ya pili, kwa nguvu, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba yenye wagonjwa. Nikawaza, maskini mama, makaa yanamuumiza, ngoja nimtoe kwenye huu moshi upesi. Unaona jinsi ujinga unavyojivika nguo za wema? Nikakanyaga mafuta, nikatoka mzima mzima.

Lori jingine lilikuwa linateremka, limejaa kreti za bia, taa zake zimewaka katika ukungu. Lilikuwa karibu kiasi kwamba niliona kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye bampa. Halikuwa linakuja upande wangu. Lilikuwa linakuja upande wa mama mkwe. Katika magari haya dereva hukaa mbali na kifo na mgeni wake hukaa mlangoni pake, na mimi nilikuwa nimemfungulia mlango huo kwa kuinamisha kichwa.

"Rudia nyuma!"

Ilikuwa sauti yake. Sikuwahi kuisikia ikinielekea mimi. Akatupa kitenge, akaushika usukani juu ya mikono yangu, mikono yetu minne pamoja, nami nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Yai likateleza, likarudi nyuma ya makaa. Lori la bia likapita. Kioo cha pembeni cha kushoto kikaenda nalo, na upepo wake ukaingia hadi kifuani. Gari likasimama, tairi moja ya kuume ikiwa ndani ya mtaro ule niliokuwa nauona vizuri siku zote.

Mbuzi walilia juu ya lori lililokuwa linatuacha. Kisha mama mkwe akanigeukia, uso wazi, na kwa mara ya kwanza nikauona uso wake. Ulikuwa uso wa Riziki uliozeeka.

"Niangalie," alisema. Nilikuwa nimekwisha kuinamisha macho. "Nasema niangalie, weye mutoto. Nilikohoa mara mbili. Ulisikia?"

"Nilisikia, Mama."

"Sasa heshima gani ile ya kutuzika sisi wote? Binti yangu iko nyuma. Mujukuu wangu iko nyuma. Utaniheshimu kwenye kaburi? Mukwe anayekufa kwa haya, ni nani atamusifu?"

Nililia, mwanangu. Sioni aibu kukuambia. Nililia nikiwa nimeshika usukani, na yeye hakunibembeleza. Alishuka na muuguzi, wakasukuma, matope hadi magotini, gari likatoka mtaroni. Akapanda tena kiti kilekile. Kitenge alikifunga kiunoni.

"Twende. Miye njo jicho."

Tulilifikia lori la makaa tena. Akatoa kichwa dirishani, mvua nyembamba ikimpiga. "Bado," akasema. Ilikuwa sauti ileile ya mama yako. Ndipo nilipojua Riziki aliitoa wapi. "Bado. Bado. Ngoja iyi kona. Haya, pita sasa, mwanangu, pita." Nikapita nikiwa kipofu, nimeshikwa mkono na neno lake. Tuliyapita malori mengine mawili kwa namna hiyo hadi Sake, na toka Sake hadi Goma. Hofu ilikuwa haijanitoka, ila sasa tuliigawana.

Ulizaliwa kwa kisu saa sita mchana. Hukulia mara moja. Daktari alikupiga, akakugeuza, akakupiga tena, na sisi wawili tulisimama nje ya mlango, mama mkwe na mimi, tukisikiliza kimya kile. Ulipolia, alijifunika kitenge chake hadi puani, akageuza uso ukutani. Tangu siku ile hadi tulipomzika hatukutazamana tena wala kusemezana, isipokuwa ndani ya gari. Nje ya gari tulikuwa mkwe na mkwe. Ndani, alikuwa jicho langu. Wazee wa Burungu walitutoza kuku kwa kuvunja mwiko, nikawapa wawili, na kama wangetaka mbuzi ningetoa.

Sasa gari lako limefika. Nimelizunguka mara tatu pale uani. Ni zuri, lina kamera, lina sauti, lina taa zinazojiwasha zenyewe. Lakini nimefungua mlango na nimeona usukani uko wapi. Uko kuume. Kamera yako inatazama mkiani, na kifo hakitokei mkiani. Waliolichora hawakuiwaza njia ya Hombo, wala malori ya magogo yanayoshuka kutoka Walikale, wala mama mkwe wako aliyejifunika kitenge. Hayo yote ni juu yako kuyawaza.

Ninalokuusia ni hili. Kitu ulichopewa na watu wa mbali kina upande wasioujua wao na usiouona wewe. Utafute upande huo kabla ya kuondoka, na muulize anayekaa huko. Usimweke mtu mahali pa kuona kisha ukamfunga mdomo, iwe kwa woga, iwe kwa kiburi, iwe kwa heshima. Heshima ni nguo, mwanangu; siku ya moto nguo huvuliwa. Jumamosi, kabla ya kuwasha gari, piga goti mbele ya mama mkwe wako, umtumie mkeo akuombee ruhusa, useme: Mama, njiani naomba sauti yako. Wakikutoza kuku, nitalipa mimi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi sikuvunjika guu kwa sababu tu kuna mkuu aliyekubali kupiga kelele.

Nenda, mwanangu. Mungu wa baba zangu wa msituni na wa mama zako wa vilimani akutangulie kwenye kila kona. Akuwekee kushoto kwako mtu asiyelala na asiyekuogopa. Akurudishe na wote uliowapakia.

Na huyo wa kushoto akikohoa, hata mara moja tu, rudi nyuma.