Anayesafiri Kesho Haingii Majini

Mimi ni mtu wa Tanga, na kuogelea nimejifunzia Riyadh. Cheka, ukimaliza tuendelee. Kwetu bahari ilikuwa ya wanaume; sisi wasichana tulikanyaga maji mpaka vifundoni, tukaokota kombe, tukaitwa nyumbani kuparua samaki. Nimekuja kufundishwa kuelea ukubwani, na nesi wa Kifilipino, kwenye bwawa la hosteli ya wauguzi, katika mji ambao ukitaka kuiona bahari unapanda basi kutwa nzima.

Shoga yangu hakujifunza. Alikuwa anakaa ukingoni mwa bwawa, miguu ndani ya maji, anatafuna karanga na kunikosoa. "Unapiga maji kama unafua blanketi," ananiambia. Tulitoka Tanga pamoja, tukafika Saudia pamoja, tukapewa chumba kimoja, kitanda chake dirishani na changu mlangoni. Yeye alikuwa wodi ya upasuaji, mimi wodi ya wazazi. Binti yangu, anayelelewa na mama yangu Tanga, alikuwa akimwita anti, na siku nyingine akipiga simu anamtaka yeye kwanza. Nilikuwa nafurahi. Niseme kweli, nilikuwa nafurahi kabisa.

Mwaka ule mkataba wangu ulikuwa unaisha na nilishaamua kurudi. Hospitali moja ya binafsi pale kwetu ilitangaza nafasi ya nesi kiongozi, nafasi moja tu, nikamsomea tangazo tukiwa tunakunywa chai. Binti yangu alikuwa anaingia darasa la kwanza. Nilitaka nimpeleke mwenyewe, nimshike mkono mpaka getini, basi. Sikuwa na ndoto kubwa kuliko hiyo.

"Nafasi hizo zina wenyewe," shoga akasema. "Ukiona imetangazwa, ujue mtu keshaikalia. Utaacha kazi hapa ukakae barazani kwa mama yako?" Halafu akalia. Alilia kweli, machozi na kamasi, akasema nikiondoka upweke utamuua, tusaini tena miaka miwili sote wawili, kisha turudi pamoja kama tulivyokuja pamoja. Mimi kazi yangu ni kuzalisha watu. Nikiona mtu analia namshika mkono. Sikuiomba ile nafasi, na mkataba nikasaini. Karatasi zake yeye, akasema, zimekwama kwa wakubwa, atasaini wiki inayofuata.

Miezi michache baadaye akaja na habari ya Jeddah. Twende tukafanye Umra, na kabla ya Umra anizamishe baharini, maana nilikuwa nimemchosha kwa video za watu wanaopumua chini ya maji. Kuna mahali Abhur, kaskazini ya mji, ambapo miamba iko karibu na ufukwe kiasi kwamba hata asiyejua kitu anatembea tu na mwalimu mpaka maji yamfunike. "Na mimi nitashuka," akasema. "Samaki nimewazoea kwenye sahani, lakini kwa ajili yako nitawafuata kwao." Nikamkumbatia, mjinga mimi.

Tuliondokea Batha, sokoni mwa Riyadh, kwa basi. Ndege hakuitaka kwa sababu ya begi. Lilikuwa begi kubwa la zambarau, la zawadi, akasema. Kuna dada wa Jeddah anasafiri kwenda Tanga, atatupelekea. Nikatia humo viatu vya shule vya binti yangu, vyeusi vya mikanda, nilivyovitafuta Batha duka kwa duka mpaka muuzaji mmoja akaniuliza kama ninaoza mtoto. Begi likakataa kufunga. Nikalikalia mimi, na haya makalio niliyojaliwa, yeye akavuta zipu. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Nikilikumbuka hilo hata leo nasikia joto masikioni.

Jeddah tuliliacha begi Sharafiya, chumbani kwa huyo dada, tukachukua teksi mpaka Abhur. Mwalimu wetu alikuwa binti wa mji ule ule, mdogo kuliko sisi, mchangamfu, anazungumza Kiarabu cha polepole ili tumwelewe. Alitupa nguo nyeusi za mpira za kubana mwili mzima, tukaanza kujiingiza humo kwa tabu, tukishikana mabega. Huku tunahangaika, yeye anauliza maswali yake. Nani ana pumu? Nani ana mimba? Nani ana mafua, maana masikio yatamuuma? Nani anapanda ndege leo au kesho?

"Mafi, hakuna," nikajibu kwa niaba yetu sote. "Sisi ni watu wa basi."

Akaridhika, lakini akatueleza sababu. Ukipumua hewa ya mtungi chini ya maji, sehemu ya hewa ile inagandamizwa na kuingia kwenye damu, na inataka muda kutoka. Ukiwahi kupanda ndege inafura mapovu mwilini, kama soda iliyotikiswa kisha ikafunguliwa. Wako waliopooza, wako waliokufa. Sisi ni manesi, hatukuhitaji kuambiwa mara mbili.

Shoga yangu alikuwa na mguu mmoja ndani ya nguo ya mpira na mmoja nje. "Na kama ndege ni kesho alfajiri?" akauliza.

Nilidhani anauliza kwa kutaka kujua. Mwalimu akamtazama. "Wewe unasafiri kesho alfajiri?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Unaenda likizo?"

"Huruji nihai," akasema.

Kila mgeni Saudia anayajua maneno hayo, hata asiyejua kuomba maji kwa Kiarabu. Ndiyo ruhusa ya kuondoka moja kwa moja, usirudi tena. Mimi nikauliza, "Ya nani?" Swali la kipumbavu, lakini ndilo lililonitoka.

"Yangu."

"Na kazi utafanya wapi?"

Akaanza kuuchomoa mguu. Ulinasa, akawa anarukaruka kwa mguu mmoja pale mchangani, na mkono wangu ulitaka kwenda kumshika asianguke. Nikauzuia. "Pale," akasema bila kunitazama. "Kwenye lile tangazo lako."

Hapo ndipo nilipoikumbuka keki. Juma moja nyuma alirudi kutoka wodini na kipande cha keki kwenye karatasi, nikamuuliza ya nani, akasema ni ya Mfilipino fulani, siku yake ya kuzaliwa. Nikaila yote nikalamba na karatasi. Kumbe wodi nzima walikuwa wanamuaga. Wahindi walijua, Wafilipino walijua, mpaka mfagiaji alijua. Asiyejua ni mimi niliyelala naye chumba kimoja. Na miezi yote ile aliumudu uongo mbele yangu. Kwa mapovu ya damu ndipo aliposhindwa. Mimi hakuniogopa, mapovu aliyaogopa.

"Turudi mjini tuzungumze," akaniambia. "Nilikuwa nataka nikwambie baada ya Umra."

"Umra ya lini? Si unaondoka alfajiri?"

Mwalimu alikuwa amesimama katikati yetu, ameshika mtungi, Kiswahili hakijui lakini nyuso anazisoma. Akaniuliza kama tuahirishe.

"Mimi sisafiri," nikamwambia. "Nivalishe."

Nikaingia baharini na hasira yangu yote. Mwalimu alinishika mkono tukatembea mpaka maji yakafika kifuani, akaniwekea kile kipande cha kupumulia mdomoni, tukapiga magoti, bahari ikanifunika kichwa. Alinifundisha ishara. Kidole gumba juu maana yake si safi, maana yake nataka kupanda. Nilisahau papo hapo. Akaniuliza kwa vidole kama niko salama, nikamwinulia gumba, akanipandisha. Nikatoa kichwa nje nikamwona shoga yangu chini ya mwavuli, abaya yake keshavaa, simu sikioni. Nikamwonyesha mwalimu chini. Chini, tafadhali.

Na kulikuwa kuzuri, jamani. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mwamba ulianzia mahali ambapo mtu angeweza kusimama, ukateremka kwa rangi nisizozijua majina, na samaki walipita usoni mwangu hawana habari na mimi. Niliwajua kwa sufuria: changu, chewa, puju. Nikamwona pono, mzima, wa kijani na waridi, anatafuna jiwe, na nikamsikia. Kumbe pono akila anasikika, kwaru, kwaru, kama mtu anayekwangua ukoko. Miaka yote nimemla wa kukaanga na sikujua. Mkono wangu ukanyooka pembeni kumfinya mtu, umeona, umesikia? Ukashika maji.

Nililia humo humo. Miwani ikaanza kujaa, mwalimu akadhani inavuja, akanionyesha tena jinsi ya kupuliza kwa pua ili maji yatoke. Nikapuliza, yakatoka, yakaja mengine. Muda si muda akanionyesha mshale wa mtungi wangu, hewa imekaribia kwisha, yake bado tele. Tulipotoka akaniambia mtu mwenye hasira hunywa hewa ya watu wawili. Hakuuliza hasira ya nini.

Shoga yangu alikuja majini na taulo, pindo la abaya limelowa. Nilikuwa natetemeka, nikalichukua. Kwenye teksi ndipo aliposema. "Nafasi ilikuwa moja. Wewe umezalisha miaka mingi kuliko mimi, una barua nzuri, una mtoto. Tungeomba wote wangekuchukua wewe." Alisema kwa sauti ya upole, kama anayenisifu.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Na yale machozi?"

"Yalikuwa ya kweli," akasema. Na ninavyomjua, naamini yalikuwa ya kweli. Alilia kwa uchungu huku ananifungia mlango. Mama yangu hupenda kusema kikulacho ki nguoni mwako. Wangu alikuwa kitanda cha dirishani. Nilimwambia maneno siku ile, dereva wa Kipakistani akaongeza sauti ya redio. Nilimwambia sitamsamehe, na mpaka leo sijamsamehe. Wanaotaka kusikia kwamba muda umeniponya watafute mwingine.

Sharafiya nikalifungua lile begi, kumbe la safari yake mwenyewe, nitoe viatu vyangu. Vilikuwa juu kabisa, nilivyoviweka mwenyewe, na soksi nyeupe nilizovichomekea ndani visikunjamane. Nikavishika. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, na wa kwenda Tanga sikuwa na msafiri mwingine. Mtoto hana kosa. Nikavirudisha. Zipu ikagoma kama ilivyogoma Riyadh, shoga akahangaika nayo peke yake mpaka jasho likamtoka, na yule dada wa Jeddah anatutazama haelewi. Mwishowe nikaenda nikalikalia. Safari hii hakuna aliyecheka.

Alfajiri aliondoka, mimi nimejifunika gubigubi na macho yako wazi. Umra nilikwenda peke yangu. Nilichoomba huko ni kati yangu na Mungu. Kisha nikapanda basi nikarudi kwenye miaka yangu miwili. Kitanda cha dirishani walikuwa bado hawajampa mtu, na kwenye ukingo wa dirisha kulikuwa na karanga zake kwenye kopo. Nikazimwaga.

Binti yangu alipiga simu Jumapili jioni, kwa simu ya bibi yake, anahema kwa furaha.

"Mama, anti amekuja. Amekuja na begi kubwa."

"Vizuri. Viatu umepata?"

"Vinanitosha. Nimevivaa." Nikasikia anavigonga sakafuni ili nami nisikie. "Mama, nimechungulia nyuma ya gari sijakuona."

Nikamuuliza anti alimwambia nini.

"Amesema uko njiani. Si mnakwenda pamoja na kurudi pamoja? Nimekaa barazani hapa nakusubiri, kesho unipeleke shule."

Nikamwuliza kama ameshakula, akasema ameshakula. Nikamwambia aingie ndani, giza linaingia, na avivue vile viatu visije vikachafuka kabla ya kesho.