Vya Jirani Kwanza

Niliolewa kutoka Kilwa Kivinje, nikapelekwa kijiji kidogo cha mtoni, mbele ya Njinjo, na moyoni nikajiona nimetupwa. Mimi mtoto wa mjini, leo nachota maji ya tope. Kitu pekee cha kutazama kilikuwa nguzo moja ya daraja alilojenga Mjerumani. Daraja lenyewe lilizolewa na maji masika ya kwanza, na wenyeji walikuwa bado wanalicheka, ingawa sasa alitawala Mwingereza. Nguzo ile waliitumia kupimia mto. Maji yakifika kwenye ufa wake, kijiji kizima hupanda kilimani.

Mwaka huo Bwana Shauri, ofisa Mwingereza wa wilaya, alitaka kutuhamishia barabarani. Alisema mto utatuua. Mama mkwe wangu, mwanamke mfupi asiyejua kunong'ona, alimjibu, "Njoo masika, Bwana, ujionee. Ukikuta maiti mmoja tu, tutahama wenyewe."

Akaja kweli. Siku ya tatu ya kukaa kwake, asubuhi, maji yakagusa ufa.

Desturi yao ni kwamba hubebi vyako. Unaingia nyumba ya jirani unabeba vyake, naye anabeba vyako. "Anayebeba vyake hurudi kufuata kilichobaki," mama mkwe alinieleza, "na mto humkuta humo humo." Bwana Shauri mwenyewe alitwishwa tenga la kuku la mjane mmoja, akapanda nalo huku jasho likimtiririka.

Mimi nilipewa mbegu za mpunga za mwanamke wa nyumba ya pili. Tulikuwa hatusemezani tangu mfungo, na sikumwamini, kwa hiyo kasha langu la harusi nilikuwa nimelificha uvunguni. Nusu ya kilima nikatua mzigo, nikageuka. Nyumba yetu ilikuwa imeshazungukwa na maji. Naona haya kulisema: nilikuwa tayari kuwa yule maiti mmoja, kwa ajili ya kanga sita na wanja.

Nikakutana na yule mwanamke njiani, amelowa mpaka kifuani, kasha langu kichwani. Hakunisalimu.

"Mbegu zangu umeziacha wapi?" aliuliza.

Nikarudi mbio kuzitwaa.

Kileleni Bwana Shauri alituhesabu mara mbili. Hakukosekana mtu. Kuhama hatukuhama, na tangu siku ile nikiulizwa kwetu ni wapi, Kivinje siitaji.