Suad na Video Isiyokatwa

Ukoo mzima unamwita Zulia, na wala si kwa mapenzi.

Suad alikuwa na miaka kumi na tisa, binamu yake Haifa anaolewa, na upande wa wanawake mwanamme haingii na kamera. Suad akasema, mimi nipo. Shida ilikuwa kitufe kimoja. Alikibonyeza mara mbili pale mwanzo bila kujua, basi siku nzima ikaenda kinyume: akidhani anarekodi, kamera imelala, akidhani ameizima, akaishusha ubavuni na kutembea zake, ndo inarekodi. Wiki ya pili familia ikakaa mbele ya tivii, sambusa mezani, tayari kumwona bi harusi akiingia. Wakaonyeshwa dakika arubaini na moja za zulia. Zulia, viatu, pindo la dera la mtu, zulia, mfupa wa biriani, zulia. Mama yake Haifa aliangalia mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kabisa, "Zulia lenyewe zuri lakini."

Hapo jina likaganda. Hata mama yake mzazi, Bi Sheikha, akitaka ashuke kula utasikia nyumba nzima: "Zulia, chakula kinapoa."

Mwengine angeiuza ile kamera. Huyu akaanza kushuti harusi za watu huku ughaibuni, Peckham mpaka Kingsbury, thelathini na kitu ndani ya miaka minne. Siku za kazi anahudumia wazee majumbani mwao, wikiendi yuko ukumbini. Na akaijua sheria kuu ya video za harusi zetu: kila shangazi lazima aonekane. Ukimruka mmoja, Jumatatu asubuhi simu inalia, "Mwanangu, kwani mimi sikuja?" Kwa hiyo Suad akawa bingwa wa kukata na kuunganisha picha. Pete, shangazi. Keki, shangazi. Bi harusi anafuta chozi, mashangazi watatu kwa mpigo.

Video moja ya harusi ikamfikia Miradie, dada wa Lubumbashi anayeandaa mashindano ya mpira wa fristaili hapo Peckham. Kama huijui fristaili: hakuna goli, hakuna timu, hakuna refa wa kumtukana. Ni watu wawili wanapokezana zamu za nusu dakika, mpira unatembea mwilini, mguu, goti, shingo, kichwa, na ukidondoka umejiharibia. Majaji watatu wanamnyooshea kidole mshindi.

"Nishutie hii moja," Miradie alimwambia. "Ikinipendeza, mashindano manne yaliyobaki ni yako, mpaka fainali kuu ya Agosti."

Suad aliyataka hayo manne vibaya mno. Alishachoka na keki.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Fainali wakabaki Miraji, kijana wa kwao Unguja mwenye maringo yake, na Keren, msichana mwembamba ambaye hata hacheki. Zamu ya mwisho ilikuwa ya Keren. Akauzungusha mpira kwa kifundo cha mguu, akaurusha ukatua shingoni, akainama nao hivyo hivyo, akavua jaketi, jaketi likapita juu ya mpira na mpira haukutikisika, akakaa chini, akaudaka kwa nyayo. Ukumbi ukapasuka. Vidole vitatu kwa Keren. Suad alikuwa amepiga magoti mbele kabisa, na safari hii kitufe alikikagua mara sita.

Jumapili asubuhi akaediti mezani jikoni, akatuma, akajinyoosha kama aliyeshinda yeye. Robo saa haikupita, Miradie akapiga.

"Suad, umekata."

"Nimekata nini?"

"Keren ana mpira shingoni. Halafu naona jaji anatabasamu. Halafu naona mama mmoja anakula chipsi. Tukirudi, mpira uko kwenye nyayo. Umefikaje huko, kwa basi?"

Nyuma ya simu Keren akadakia, "Dada, watu watasema mpira ulianguka, wewe ukaunganisha."

Ndo Suad akajua kosa lake. Alikuwa ametia mashangazi. Kwenye fristaili mtu akianza mbinu, kamera haimwachi mpaka amalize. Ukikata katikati umemwita mwongo.

"Nitaipandisha mtandaoni saa kumi na mbili jioni," Miradie akasema. "Nataka zamu yote, mkato hata mmoja sitaki. Na sauti ya mpira iwepo, usinifunike na muziki."

Sasa, kulikuwa na sababu ya yule mama wa chipsi. Suad akafungua klipu nzima, akaisogeza mpaka sekunde ya kumi na moja, pale jaketi linapopita. Kamera inaruka kama imeumwa na siafu, na sauti ya mtu, karibu kabisa na maiki, inapasua ukumbi: "Mama yangu we, usianguke, nakuomba!" Sauti yake mwenyewe. Mpiga video gani anasikika kwenye video yake? Angeshusha sauti, mpira nao ungekuwa bubu, na ule mruko wa kamera bado upo. Na kwenda kuomba klipu ya simu ya mtu, hapana. Hilo hata hakulifikiria mara mbili.

Bi Sheikha alikuwa pembeni anakaanga vitunguu vya pilau.

"Mama, hebu tazama hii." Akamwekea ile iliyokatwa.

"Nzuri," mama akasema, akarudi kwenye sufuria.

"Na hii je." Akamwekea nzima.

Bi Sheikha akasimama na mwiko mkononi. Jaketi likapita. Kelele zikatoka, na yeye akashika kifua. Mpira ulipotua kwenye nyayo ndo akapumua, na jikoni kulishaanza kunuka.

"Vitunguu vyangu, wewe mtoto!"

Suad hakuhitaji jaji mwengine. Akatuma nzima kama ilivyo, na ujumbe mfupi: *Hamna mkato. Sauti ni yangu na haitoki.*

Tiki mbili za buluu, Miradie ameuona. Kisha zikaingia tarehe za mashindano yote manne, ya mwisho ikiwa ya Agosti, na chini yake: *Usichukue harusi tarehe hizi. Keren anasema safari ijayo piga kelele, ila kamera ishike isiruke.*

Saa kumi na mbili video ikapanda. Komenti ya kwanza haikuuliza kama mpira ulianguka. Iliuliza, "Nani huyo anayelia?" Suad akajibu mwenyewe, jina lake kamili: "Suad Matar, mpiga video."

Haya, zamu yenu. Kuna kitu kwenye kazi yako ulitaka kukificha kwa aibu, ukakiacha, kikawa ndo chenyewe? Tuandikieni hapo chini. Na msikate.