Koleo la Winifred Tranter

Winifred Tranter aling'arisha shaba miaka kumi na tisa kabla mtu yeyote kiwandani hajamuuliza maoni yake. Mimi nilikaa naye benchi moja, hapa hapa Birmingham, kwenye karakana ya nyuma ya mfereji, na vidole vyake navijua.

Mwaka wa hamsini na tatu, Bibi Pargeter alituletea vifaa vya meko ya sebuleni kwake: sepeto na chuma cha kuchochea makaa. Vilikuwa vya kale, vya shaba ya manjano, kila mpini una kichwa cha mtungi wa Kiyunani uliozungushiwa shada la majani. Koleo lake la kushikia makaa lilipotea wakati wa vita. Alitaka jipya, lifanane na hivyo vingine.

Mchongaji wetu wa vielelezo, vile vya mbao vya kupigia chapa mchangani kabla ya kumimina shaba, alikuwa amestaafu. Basi Enoch Lathbury, msimamizi, akakandamiza mtungi wa kale kwenye mchanga, akautoa, na kumimina shaba kwenye chapa yake. Kichwa kipya kilipofika kwetu king'arishwe, Winifred alikipitishia kidole gumba.

"Kidogo hiki, Enoch. Shaba imenywea ilipopoa."

"Unene wa ukucha tu. Nani atauona?"

"Hauonekani. Mkono unauhisi."

"Haya, mwalimu. Rudi kwenye vumbi lako."

Karakana nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka, najuta mpaka leo.

Bibi Pargeter akaja, akalishika koleo lile, akalishika sepeto, kisha akalirudisha koleo mezani. "Hili si la nyumbani kwangu," alisema, akaondoka.

Jumapili tatu mfululizo, baada ya ibada, Winifred alikaa jikoni kwake na kipande cha mbao na patasi za marehemu baba yake, akachonga mtungi ule ule, mkubwa kwa unene wa ukucha ili shaba ikinywea ilingane, majani yake makali kuliko ya kale, maana kung'arishwa kungeyalainisha. Jumatatu akauweka mbele ya Enoch.

"Mimina huu."

"Nani kachonga?"

"Mimina kwanza."

Akamimina. Winifred aliung'arisha mwenyewe, tukiwa tumemzunguka, chai zetu zinapoa. Enoch alifumba macho, akashika mtungi wa kale, akashika mpya, akarudia. Hatimaye akavua kofia.

"Nimeshindwa kujua upi ni upi, Win."

Bibi Pargeter, alipoitwa tena, naye alishindwa. Alilishika koleo kwa mikono miwili, akauliza aliyelitengeneza. Sote tukamwonyesha Winifred, na Enoch wa kwanza. Dada yake mwenyewe, akasema Bibi Pargeter, naye anataka seti nzima.

Wiki iliyofuata Winifred alihamia chumba cha vielelezo, mwanamke wa kwanza kukaa humo. Aliingia kichwa juu, patasi kwapani. Enoch alikuwa ameshakifagia chumba.

"Karibu, fundi," akamwambia.

"Asante, Enoch. Funga mlango, kuna upepo."